Mtu wa Pili kwa Mzee Mbonile

Chapwa, Tunduma
12 Mei 2024

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila baridi ya huku ina upepo wenye vumbi, si kama baridi yetu ya Itaka inayokuja na umande. Goti lako linasemaje? Na masikio? Najua simu inakulilia kama nyuki, ndiyo maana nimemwomba Jastin, yule kondakta wa basi dogo la Mlowo, akuletee barua hii mkononi. Asikudai soda, nimeshamnunulia.

Nimeanza kazi. Mafunzo yalikwisha salama na nilifaulu, ingawa siku ya kueleza mbele ya darasa nilitetemeka hadi wenzangu wakanionea huruma. Kituo chetu kinapeleka wahudumu kwenye nyumba zenye wagonjwa. Msimamizi wetu anaitwa dada Felista, muuguzi, mwenyeji wa Singida. Ana kanuni nyingi na hataki hata moja iruke. Mgonjwa halishwi akiwa amelala. Hageuzwi kwa kuvutwa mkono. Hanyanyuliwi na mtu mmoja, lazima wawe wawili, mmoja kila upande, magoti yakunjwe kwanza.

Mimi nimepangiwa kwa Mzee Mbonile hapa Chapwa. Alipooza upande wa kulia na sauti ikaenda, lakini anaelewa kila kitu. Ukikosea anakutazama kama mwalimu. Mkewe alifariki mwaka jana. Mwanawe, kaka Osward, anaendesha lori la mizigo kwenda Kongo, akienda huko tunamsahau. Nyumbani anabaki mke wa kaka Osward, dada Gwantwa. Mimi nafika asubuhi, narudi jioni kwenye chumba cha kituo.

Bibi, nakumbuka sana nyumbani. Barabara hapa imejaa malori tangu mpakani, na wauzaji wa Nakonde, ng'ambo ya Zambia, wanapita wakinisalimia kwa lugha yao, "mulishani", nami sijui jibu lake, natazama chini. Jana mtu alikuwa anakaanga kahawa mahali fulani, harufu ikaingia dirishani, nikasimama na beseni mkononi kama mjinga. Nilikuona kabisa, umekaa kwenye kigoda chako, unageuza buni kwa mwiko uliovunjika mpini, na marehemu Babu anasema utaunguza. Mzee Mbonile naye aliisikia ile harufu. Akafumba macho. Sijui yeye alikuwa wapi.

Niandikie, hata mistari miwili.

Mjukuu wako,
Nesta


Itaka
26 Mei 2024

Kwako mke mwenzangu mdogo,

Marahaba, marahaba tena. Jastin ameleta barua na bado alitaka soda. Nimempa maji.

Mimi nipo. Goti lipo pia, halijaniacha. Tumeanza kuchuma kahawa zile za bondeni, nyekundu, nzuri. Mama yako ametuma salamu kutoka Galula, anasema wachimbaji wanakula wali kuliko wanavyopata dhahabu, kwa hiyo biashara yake si mbaya.

Nimefurahi kwa kazi yako. Babu yako angekuwepo angetembea kijiji kizima akisema mke wake mdogo ni daktari. Tungemkatalia, asingesikia.

Hao wazee wasiosema wana maneno mengi. Usiwe na haraka naye. Mwandiko wangu unaona ulivyo, mwalimu wetu wa elimu ya watu wazima alikuwa akisema ninaandika kama ninayepanda mahindi, shimo hapa, shimo pale. Lakini unasomeka.

Kula. Ulipoondoka shingo ilikuwa nyembamba.

Bibi yako


Chapwa, Tunduma
9 Juni 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Natumaini kuchuma kunaendelea na kwamba hubebi debe mwenyewe. Mimi mwili ni mzima.

Nina jambo ambalo linanikosesha raha, nataka uniambie kama nimefanya vizuri. Dada Gwantwa haingii kabisa chumbani kwa baba mkwe wake. Hata mara moja. Anapika vizuri, kuliko huku wanavyopika wengi, anaweka sahani kizingitini, anagonga ukuta, kisha anaondoka haraka nisimuone hata kisigino. Nikimwita anisaidie kumnyanyua mzee, haji. Hata jina lake halitaji. Anasema "yule" au "mwenye nyumba". Nikadhani ni chuki. Kule darasani tulifundishwa kwamba mgonjwa akiachwa na watu wa nyumba yake, mhudumu asifiche, aseme.

Kwa hiyo nilikuwa namnyanyua peke yangu. Nilijua ni kosa, lakini ningemwachaje kwenye shuka lililolowa? Jumatano aliteleza mikononi mwangu. Nilimdaka, lakini kiwiko chake kiligonga ukingo wa kitanda na ngozi ikachubuka. Hakulia. Alinitazama tu, nikalia mimi.

Nikamweleza dada Felista yote, la kiwiko na la dada Gwantwa. Alikuja siku ya pili yake. Alinigombeza kwa kunyanyua peke yangu, hilo nilistahili. Kisha akamfuata dada Gwantwa uani, pale bombani, na wanawake wanne wenye ndoo wanasikiliza. Akamwambia, "Mama, mnamtelekeza mzee ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe." Dada Gwantwa alivuta kanga kichwani akaendelea kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi tayari.

Dada Felista amesema mpaka mwisho wa Julai pawe na mtu wa pili wa kunyanyua, la sivyo kituo kitaondoa huduma, maana mzee akianguka atavunjika na mimi nitaumia mgongo. Kaka Osward amepigiwa simu huko aliko. Amesema ikishindikana mzee atahamishiwa kwa binti yake Nakonde. Nilikuwa namfuta uso mzee wakati simu inazungumzwa. Aliushika mkono wangu na kitambaa chake, hakuachia. Hataki, Bibi. Nyumba hii aliifyatulia matofali mwenyewe.

Tangu siku hiyo dada Gwantwa hanisemeshi. Chakula kinakuja vilevile, cha moto, na cha kwangu kimefunikwa pembeni.

Nimefanya vizuri?

Mjukuu wako,
Nesta


Itaka
23 Juni 2024

Mjukuu wangu Nesta,

Marahaba. Hapa ni wazima. Nakujibu jambo lako kabla ya yote.

Hukufanya vizuri. La kiwiko ulifanya vizuri kulisema. Lakini huyo mwanamke umemshitaki kwa sababu ya heshima yake.

Kosa si lako peke yako. Ni langu na babu yako, tulipotoka Ileje kuja kulima kahawa huku hatukuwafundisha mila. Mama yako akaolewa kwa watu wasiofuata, na wewe umekua ukila sahani moja na kila mtu. Sasa nisikilize. Huyo Gwantwa kwa jina lake ni mtu wa kwetu huko, kama si Mndali ni Mnyakyusa. Kwetu mke wa mtoto hamwoni baba mkwe. Haonekani naye. Hamtaji jina. Hakanyagi anapolala. Kuingia chumbani kwake akiwa amelala, na kumwosha, na kumshika, ni kama kumvua nguo mbele ya watu. Hata akiwa mgonjwa. Zaidi akiwa mgonjwa, maana hawezi kujificha.

Na usidhani ni mwanamke tu anayekimbia. Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu nilikuwa natoka mtoni na mtungi, njia ni nyembamba, mara nikasikia kikohozi cha baba mkwe wangu. Nikarukia migombani. Mtungi ukapasuka. Nikasikia miguu imesimama. Nilipochungulia nikaona mgongo. Alikuwa amegeuka, mzee mzima, anatazama bondeni, anangoja nimalize kuokota vigae na aibu yangu. Aliponisikia nimeondoka ndipo akapita. Jioni wakaleta mtungi mpya, hakuna aliyesema umetoka wapi.

Nimecheka peke yangu nikiandika haya. Nikalia kidogo pia, moshi.

Basi, njia ipo. Dada yangu mkubwa, mkwewe alipougua alimfungulia. Mzee mwenyewe anampa mkwe zawadi kwa mkono wake. Akiipokea, mlango umefunguka, anaweza kuingia na kumhudumia kama baba yake mzazi. Kwa dada yangu ilikuwa kuku. Lakini zawadi itoke kwa mzee, mkono wake kwa mkono wa mkwe. Si mkono wa mwanawe, wala si wako. Nakujua wewe, usiende sokoni kununua kuku.

Kwanza nenda kamwombe radhi. Utatetemeka. Tetemeka, lakini nenda.

Bibi yako


Chapwa, Tunduma
7 Julai 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Asante kwa barua, ingawa niliposoma mstari wa "hukufanya vizuri" niliikunja nikaiweka chini ya godoro hadi jioni.

Nilikwenda. Dada Gwantwa alikuwa jikoni anachambua maharage. Nilisimama mlangoni hadi akachoka kunitazama.

"Umekuja kuyashitaki na maharage yangu?" akaniuliza.

Nikasema, "Nimekuja kuomba radhi, dada. Sikujua mambo ya mkwe. Bibi yangu ndiye kanieleza."

"Bibi yako wa wapi?"

"Wa Itaka. Lakini alizaliwa Ileje."

"Ileje upande gani?"

"Isongole."

Akaacha maharage. "Yaani bibi wa Isongole, halafu mjukuu hivi?"

"Mimi nimekulia Itaka."

"Naona," akasema. "Kaa, usinisimamie kama askari wa ushuru."

Bibi, nilikaa hadi maharage yakaisha. Aliniambia ana miaka tisa katika nyumba hii na hajawahi kuuona uso wa mzee. Anajua kikohozi chake, anajua hapendi vitunguu vikiungua, anajua viatu vyake maana huviosha vikiwekwa nje. Mama mkwe alipokuwepo yeye ndiye alikuwa daraja. Alipofariki, daraja likaondoka. Siku dada Felista aliposema vile bombani, alitaka kujibu, lakini angeanzia wapi mbele ya watu wa kila kabila? "Ningesema ninamheshimu, wangecheka. Huku heshima ni kuingia."

Nikamuuliza, mzee akikufungulia utaingia?

Akasema, "Nitaingia leo hii. Nakonde watamlaza chumba kimoja na magunia ya mahindi, nani atampikia asiyejua kitunguu chake? Lakini siwezi kujifungulia. Nikiingia mwenyewe, hata yeye atanidharau, na mimi nitajidharau."

Basi nikarudi kwa mzee nikamsomea barua yako, Bibi. Usinikasirikie. Kama sehemu ya kuku sikuisoma kwa sauti nzuri, ni aibu tu. Alisikiliza yote. Kwenye mtungi alitoa sauti, nadhani alicheka. Nilipomaliza akageuzia uso ukutani.

Leo ni siku ya tatu, hajageuka kwangu. Anakula, lakini hanitazami. Sijui amekataa au amekasirika kwamba mtoto kama mimi nimemwambia la kufanya. Mwezi unakwenda. Nifanye nini?

Mjukuu wako,
Nesta


Itaka
14 Julai 2024

Mjukuu wangu,

Marahaba. Usifanye kitu.

Mtu mzima amesomewa barua ya bibi asiyemjua kuhusu mlango wa nyumba yake. Mpe nafasi. Na fikiri, ana nini cha kutoa? Mwanaume aliyezoea kutoa anapolala mahali pamoja, akitazama chumba chake anaona nini cha kumpa mtu?

Huku kahawa imejaa uani, nimeianika hadi karibu na kaburi la babu yako. Nilimwambia aiangalie, kuku wasikanyage.

Bibi yako


Chapwa, Tunduma
4 Agosti 2024

Bibi yangu,

Shikamoo sana. Najua nimechelewa, na Jastin kaniambia umekuwa ukimuuliza kila akipita. Samahani. Mambo yalinijaa, nilitaka yaishe ndipo niandike. U mzima? Mimi mzima, na nimenenepa, dada Gwantwa anasema shingo imeanza kuonekana ya binadamu.

Nakueleza kama ilivyokuwa. Ilibaki siku chache Julai iishe. Asubuhi hiyo Mzee Mbonile aligeuka mwenyewe kutoka ukutani, kwa nguvu zake, akaonyesha redio. Ile redio yake ya betri, analala nayo. Nikaiwasha. Akapiga godoro kwa mkono. Nikabadilisha stesheni. Akapiga tena. Nikaizima, nikadhani betri, nikaanza kuifungua. Akaniangalia kama mwalimu aliyekata tamaa. Kisha akaivuta kifuani, akaifuta kwa shuka, mbele na nyuma na waya wake, akatazama mlangoni.

Nikaelewa.

Nikakimbia jikoni. Dada Gwantwa alipokea habari akiwa na unga mikononi. Akakaa chini. Akanawa. Akaenda kubadili kanga, akarudi, akanawa tena.

Lakini hapo tukakwama, Bibi. Umesema mkono kwa mkono. Kitanda kiko mbali na mlango, na kumbeba mzee hadi mlangoni kunahitaji watu wawili, na mtu wa pili ndiye huyo anayengoja kufunguliwa. Na yeye hawezi kuingia kabla hajapokea. Tulisimama tunatazamana. Mimi nikafikiria kusukuma kitanda, lakini ni cha mninga, na kanuni yetu inakataza kusukuma kitanda mgonjwa akiwa juu.

Dada Gwantwa akasema taratibu, "Mgongo hauna macho."

Akajifunika kanga hadi usoni, akageuka, akaingia kinyumenyume. Nilimshika kiwiko nikimwongoza. Hatua moja, anasimama. Nyingine, anasimama. Nilikuwa nasikia anavyopumua. Alipofika karibu na kitanda akarudisha mikono yote miwili nyuma, viganja vimefunguka. Mzee alinyanyua redio kwa mkono wake mmoja. Ilikuwa nzito kwake. Nilitaka kusaidia, nikakumbuka maneno yako, nikaweka mikono yangu mgongoni. Akaifikisha. Akaiweka kwenye viganja vyake, na mkono wake akauacha juu yake, hakuuondoa.

Halafu akatoa sauti. Si neno, unajua hana maneno. Lakini ilikuwa ndefu na ilipanda mwishoni, kama unavyomwita mtu aliye mbali shambani.

Dada Gwantwa alibaki vile vile, mgongo kwa mzee, redio nyuma. Nikadhani hatageuka. Kisha akasema, "Nimepokea, baba." Akageuka. Akaondoa kanga usoni.

Wakatazamana. Mimi nilitazama dirishani, ilikuwa si haki kutazama. Nilisikia tu, "Shikamoo, baba." Miaka tisa, Bibi, na hajawahi kumwamkia. Mzee akajibu kwa sauti ile ile.

Baadaye nikamwonyesha dada Gwantwa jinsi ya kunyanyua. Magoti kwanza, mkono chini ya paja, tunahesabu pamoja. Mara ya kwanza alicheka kwa aibu hadi tukaanza upya. Mara ya pili mzee alipanda kwenye mito kama mtoto, hakugongwa popote. Dada Felista alikuja tarehe thelathini na moja, akatukagua, akakagua na kiwiko. Kimepona. Akasema huduma inaendelea. Nilimweleza habari ya mkwe. Akaenda bombani, wanawake wakiwepo, akamwomba dada Gwantwa radhi hapo hapo alipomkosea. Sasa kabla ya kupeleka mhudumu nyumba yoyote anauliza kwanza, katika nyumba hii nani haruhusiwi kumwona nani?

Mzee haendi Nakonde. Jioni redio inakaa jikoni kwa dada Gwantwa, inafunguliwa kwa sauti kubwa ili naye aisikie.

Bibi, nina swali. Ulinisimulia mkwe wa dada yako alivyomfungulia, wako hukunisimulia. Alikupa nini? Na wewe ulipogeuka, ulijisikiaje? Dada Gwantwa nilimuuliza, akasema niulize aliyezoea.

Mjukuu wako,
Nesta


Itaka
25 Agosti 2024

Mjukuu wangu Nesta,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara nyingi, na nimemsomea babu yako pale kwenye kahawa. Mwambie Gwantwa bibi wa Isongole anamsalimu. Mwambie na mzee, mkono wake udumu.

Nilichelewa kujibu kwa sababu ya swali lako.

Mimi hakunifungulia. Hakuugua muda mrefu, na mama mkwe wangu alikuwa na nguvu, hakuhitajika mtu wa pili. Nilimpikia miaka kumi na minne. Nilijua miguu yake, maana ndiyo tuliyoruhusiwa kuona tukitazama chini. Nilijua anavyokohoa akifurahi na anavyokohoa akikasirika. Ule mtungi aliouleta nilikuja nao Itaka, ukavunjwa na mama yako akiwa mdogo, nikampiga, hakujua kwa nini nilimpiga vile.

Alipofariki wakasema wakwe wote waje wamuage, maana marehemu haonei mtu haya. Nilisogea, nikaondoa kanga. Wanawake nyuma yangu walikuwa wananisukuma nipite, zamu ni ndefu. Sikupita. Nilimtazama kadiri nilivyoweza.

Alikuwa na kovu dogo kidevuni. Hakuna aliyewahi kuniambia.

Bibi yako